Pesa ya Njiani: Posho, Masurufu na Kodi ya Dereva wa Lori



Nimeombwa nizungumzie posho ya safari na kodi yake. Nitaanza na shilingi zenyewe. Dereva anayepakia bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hukabidhiwa fedha kabla hajatoka getini. Humo mna chakula chake na cha tandiboi wake, mna maegesho ya usiku Mikumi, Ipogolo na Makambako, mna pancha, mna vocha ya simu, mna vijiada vya mpakani Tunduma na Nakonde, mna mlinzi wa kuangalia diseli na turubai yeye akiwa amelala. Na humo humo, pasipo kuandikwa popote, mna ada ya mtoto na kodi ya nyumba, kwa sababu mkewe anajua siku nyingi kwamba kinacholisha familia ni kile ambacho baba hatakitumia njiani.

Basi fedha hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inarudisha gharama za kazi, na inamlipa mtu ujira wake. Nitakayosema leo yote yanatoka hapo. Tukiziacha kazi hizi mbili ndani ya bahasha moja, dereva anaumia pande zote. Mamlaka ya Mapato ikiitazama bahasha ile na kuona ujira, wali wake wa Chalinze unatozwa kodi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikiitazama na kuona posho, jasho lake halihesabiki siku anapoachishwa kazi. Mwenye gari naye haponi, nitaeleza.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, yaani Sura ya 332, inaeleza katika kifungu cha 7 ni nini kinachohesabiwa kuwa mapato ya ajira. Kwa madhumuni yetu kifungu hicho ni kipana sana. Kinataja mshahara, malipo ya badala ya likizo, bonasi, na pia posho ya kujikimu, ya usafiri, ya ukarimu au nyingine yoyote inayotokana na ajira. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kwamba posho inatozwa kodi. Wengi wenu mlidhani ni kinyume chake, kwamba posho iko nje mpaka mtu aiingize. Kisha kifungu kidogo cha (3) kinafungua mlango mdogo: posho ambayo ni marejesho tu ya fedha alizotumia mfanyakazi, zote na kwa ajili hiyo peke yake, katika kuzalisha mapato ya ajira yake, haihesabiwi. Tazameni masharti yake. Lazima fedha iwe imetumika, iwe imetumika kwa kazi, na isiwe imechanganyika na kitu kingine.

Tuiweke kwenye tarakimu. Mfano huu ni wa kubuni, lakini viwango vya kodi ni vile vya Tanzania Bara tulivyo navyo tangu Julai 2021, na mchango wa NSSF tuuache pembeni kwanza ili hesabu isituchanganye. Dereva ana mshahara wa shilingi 450,000 kwa mwezi, na mwezi huo amekwenda safari moja ya siku 14 akapewa 700,000 za njiani. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Zinazofuata mpaka 520,000 zinatozwa asilimia 8. Kwa mshahara peke yake, kodi yake ni shilingi 14,400.

Sasa mkaguzi anafika, anauliza zile 700,000 zilitumikaje, na hakuna karatasi. Anazijumlisha na mshahara, zinakuwa 1,150,000. Kodi ya kiwango hicho ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya 150,000 zilizobaki, yaani 45,000. Jumla ni 173,000. Kutoka 14,400 hadi 173,000, na dereva hajaongezewa hata shilingi moja. Tuseme alipata risiti za 260,000. Zilizobaki 440,000 zinaingia kwenye mapato, anakuwa na 890,000, na kodi inakuwa 100,500. Bado ni karibu mara saba ya ile ya mwanzo.

Sheria inamtaka mwajiri akate kodi hiyo na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Asipokata, deni linamrudia yeye mwenyewe, pamoja na riba. Ndiyo maana nimesema mwenye gari haponi. Ukaguzi huja baada ya miaka kadhaa, na pengine dereva mwenyewe alishahama zamani, yuko na kampuni nyingine, na mwenye gari anabaki kulipa kodi ya posho za mtu ambaye hata namba yake ya simu hanayo tena.

Mtaniambia: basi dereva alete risiti. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ofisi na barabara zinapoachana. Nani anatoa risiti ya mashine ya kodi, yaani EFD, kwenye barabara ya Tanzam? Kituo cha mafuta kinatoa. Hoteli kubwa ya Morogoro inatoa. Mama lishe wa Igawa anayepika ugali na dagaa alfajiri hana mashine, na biashara yake ni ndogo mno hata hatakiwi kuwa nayo. Bafu la kulipia halina risiti. Mlinzi wa maegesho hana risiti. Huko Zambia na Kongo, hata karatasi inapopatikana, imeandikwa kwa kwacha au faranga, na mhasibu wa Dar es Salaam anaigeuzageuza asijue aiweke wapi. Dereva anayekula mahali rahisi, kwa kumwonea huruma bosi wake na mfuko wake mwenyewe, ndiye asiye na ushahidi. Aliyekula hotelini kwa gharama mara tatu ana risiti safi. Kanuni inayomwadhibu mwenye kubana matumizi ina kasoro, na nasema hivyo nikijua kwamba humu ndani wapo maofisa wa kodi ninaowaheshimu.

Kuna matumizi mengine yasiyo na risiti ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Sehemu ya pesa ya njiani huishia mikononi mwa watu wenye sare na wasio na sare, ili gari lipite. Sheria ya kodi imeshasema wazi kwamba rushwa si gharama inayoondolewa kwenye mapato ya biashara, na faini kadhalika. Ile notisi ya shilingi 30,000 ya usalama barabarani ina karatasi nzuri yenye namba, lakini mwenye gari hawezi kuitumia kupunguza kodi yake. Wapo wahasibu wanaoficha vitu hivi chini ya jina la "chakula na malazi." Madhara yake ni kwamba chakula cha dereva kwenye vitabu kinaonekana kikubwa kupita kiasi, mkaguzi anashtuka, anakataa fungu lote, na kile chakula cha kweli kinakataliwa pamoja na ule uongo. Msiiandikie rushwa jina la chakula. Mnamnyima dereva utetezi wake pekee.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniuma zaidi. Nimesema mlango wa sheria unahitaji fedha iwe imetumika. Lakini dereva wetu anaishi kwa fedha ambayo hakuitumia. Anapewa cha kula mara tatu, anakula mara moja. Anapewa cha gesti, analala ndani ya kichwa cha gari, miguu imejikunja kwenye usukani kama kitanda kile cha nyuma kimevunjika au tandiboi amekilalia. Anaoga siku ya nne. Akirudi ana shilingi laki mbili au tatu mkononi, na hiyo ndiyo nyumba yake. Tumejenga biashara ambamo njaa na usingizi wa dereva vimekuwa sehemu ya mshahara, halafu tunampa gari lenye tani zaidi ya hamsini likiwa na mzigo, ateremke nalo Kitonga usiku. Mwenye gari anayelalamikia ajali na hajawahi kuuliza dereva wake alikula nini jana hajamaliza kufanya uchunguzi wake.

Tena fedha hiyo kwa kawaida hutolewa kwa tripu. Kiasi ni kile kile, safari ichukue siku 14 au 25. Foleni ya mpakani Kasumbalesa haijui mkataba wenu. Gari linaweza kusimama siku nyingi kusubiri nyaraka za forodha, na kila siku inayopita dereva anakula tena, analipa choo tena. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya Uviko mipakani, madereva walikwama Malaba na kwingineko kwa siku nyingi na pesa za tripu zilikuwa zimekwisha. Ukilipa kwa tripu, hasara ya foleni umemtwisha mtu ambaye hana uwezo wowote juu ya forodha, wakala wa mizigo wala mwenye mzigo. Wewe mwenye gari unaweza kumdai mteja tozo ya kuchelewesha gari, na baadhi yenu mnaidai. Dereva anamdai nani? Posho ya chakula ihesabiwe kwa siku, tarehe ya kutoka hadi tarehe ya kurudi. Kama mnataka kumtia moyo dereva amalize safari mapema, mpeni bonasi, iandikwe kuwa bonasi, ikatwe kodi kama bonasi.

Upande wa pili wa bahasha ni ujira uliofichwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatafsiri mshahara wa msingi kuwa ni ile sehemu ya malipo ya kazi iliyofanyika katika saa za kawaida, na inaziondoa posho waziwazi. Juu ya msingi huo ndipo yanapojengwa mengine. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku huongezewa asilimia 5 ya msingi huo huo. Kiinua mgongo cha kuachishwa ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Dereva aliyefanya kazi miaka kumi kwa msingi wa 300,000, huku akipokea laki nane za njiani kila mwezi, siku ya kuondoka anapigiwa hesabu ya zile 300,000 tu. Anastaajabu. Anasema, "Mbona nilikuwa napokea zaidi ya milioni?" Ni kweli alikuwa akipokea. Lakini alikubali, au alikubalishwa, kwamba ile ilikuwa posho, na miaka yote hiyo ilimpendeza kwa kuwa haikukatwa chochote.

Sitawadanganya madereva kwamba kutenganisha hakuna gharama. Tumrudie yule mtu wetu wa mfano. Mwajiri akisema ukweli, kwamba katika zile 700,000 chakula na malazi ni 400,000 na 300,000 ni ujira, mshahara unakuwa 750,000 na kodi yake 66,000 badala ya 14,400. Mchango wa NSSF nao utapanda, na kwa mgawanyo uliozoeleka wa asilimia 10 kwa 10, nusu inatoka kwake. Fedha ya mkononi itapungua mwezi huo. Mimi bado namshauri akubali, kwa sababu hizi: mafao yake ya uzeeni yanahesabiwa kwa mshahara uliokatiwa mchango, benki inampima kwa mshahara ulio kwenye hati ya malipo, haimpimi kwa maneno, na saa zake za ziada, usiku wake na kiinua mgongo chake vinakua kwa zaidi ya nusu. Mtakumbuka kwamba madereva walipogoma Aprili na Mei 2015, na nchi ikasimama, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai makubwa. Mkataba usiotaja mshahara halisi umejibu dai hilo kwa jina tu.

Hapo hapo niguse shoti ya mafuta. Gari limepangiwa lita kadhaa, limerudi na upungufu, na pengo linakatwa kwa dereva. Mara nyingi linakatwa kwenye posho ya safari inayofuata, yaani anapelekwa Lubumbashi akiwa amepunguziwa chakula. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo ya ajira hakiruhusu jambo hili lifanyike kwa kalamu ya msimamizi wa yadi. Makato ya hasara yanahitaji hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, apewe maelezo ya maandishi ya kiasi na namna kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, na makato kwa jumla yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Na mafuta yanapungua kwa sababu nyingi: upepo wa tairi, mzigo, milima ya Iringa, injini ikinguruma foleni nzima. Wapo wanaouza diseli, sikatai. Kosa lao lithibitishwe kwa utaratibu huo, na lisiwe sababu ya kukata kila mtu.

Sasa, kama nchi, tufanye nini na kodi ya chakula cha dereva? Kwanza nilinganishe na ndugu zetu watumishi wa Serikali, wala sifanyi hivyo kwa husuda. Kifungu kile kile cha 7 kinaziondoa kwenye kodi posho zao kadhaa, ikiwemo ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka na ya kazi za ziada. Posho yao ya kujikimu kwa safari za ndani ilipandishwa Julai 2022, kiwango cha chini kikawa shilingi 100,000 kwa siku na cha juu 250,000. Haikosi mantiki: Serikali ilitambua kwamba mtu aliye mbali na kwake hula kwa bei ya mgeni. Dereva wa lori yuko mbali na kwake zaidi ya nusu ya maisha yake, na yeye hana kiwango chochote kilichoandikwa. Ana mlango mdogo wa kifungu kidogo cha (3), na risiti ambazo mama lishe hawezi kumpa.

Kenya walikwisha kuchagua njia nyingine. Sheria yao ya kodi inasema mfanyakazi aliye nje ya mahali pake pa kawaida pa kazi, akiwa kwenye shughuli rasmi, kiasi fulani cha mwanzo kwa siku kinachukuliwa kuwa ni marejesho ya gharama, hakitozwi. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa shilingi 2,000 za Kenya. Sheria ya Fedha ya 2025 ikakipandisha hadi 10,000 kuanzia Julai mosi mwaka huo. Dereva wa Mombasa anayekwenda Malaba ana kitu cha kushika. Lakini maneno yale "mahali pa kawaida pa kazi" yana mtego kwa dereva, kwa kuwa mkaguzi mkali aweza kusema mahali pake pa kawaida ni nyuma ya usukani, popote ulipo. Dawa yake ni mkataba: uandikwe kwamba kituo chake cha kazi ni yadi ya Miritini kule Mombasa, au ya Mbagala hapa Dar es Salaam, na kila usiku nje ya hapo ni usiku wa safari.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi, na nawataja kwa sababu walimfikiria dereva kama dereva. Anayekuwa nje kwa siku nzima anahesabiwa yuro 28 za chakula bila risiti, na siku ya kuondoka na ya kurudi yuro 14. Kisha, tangu 2020, sheria ikaongeza kiasi maalumu kwa dereva anayelala ndani ya gari, kwa ajili ya choo, kuoga na kusafisha kitanda chake: yuro 8 kwa siku, na 9 tangu 2024. Kiasi ni kidogo, lakini bunge la nchi limekaa likakubali kwamba kulala ndani ya lori nako kuna gharama. Hapa kwetu, dereva asiyelipa gesti anaonekana hana gharama za usiku.

Wakati tunasubiri sheria, yapo ambayo ninyi wenye magari mnaweza kuyafanya Jumatatu. Andikeni waraka mfupi wa viwango vya posho kwa siku, ndani na nje ya nchi, usainiwe na uwe ule ule kwa madereva wote wa daraja moja. Kila safari iwe na hati yake yenye tarehe, njia na namba ya gari. Dereva akirudi afunge masurufu yake ndani ya siku chache, na ushahidi wa siku usitoke kwenye wali. Utoke kwenye tiketi za mizani za Vigwaza, Mikumi, Makambako na Mpemba, mihuri ya Tunduma na Kasumbalesa, na kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari. Hivi vinaonyesha mtu alikuwa wapi, usiku gani, na mkaguzi mwenye haki atavisikiliza. Fedha ya pancha, maegesho na ada za mpakani iwe fungu la gari, mbali kabisa na fungu la mtu. Tandiboi awe na posho yake kwa jina lake, asile kwa huruma ya dereva.

Kwa Bunge, maombi yangu ni mafupi. Kila Juni Kamati ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Wenye malori huenda kuzungumzia ushuru wa matairi na tozo za mafuta, na ni haki yao. Mwaka ujao nendeni na madereva, na mpeleke aya moja ya kuongezwa kwenye kifungu cha 7: kwamba posho ya kujikimu anayolipwa dereva au msaidizi wake kwa kila usiku anaolala nje ya kituo chake cha kazi kilichotajwa katika mkataba, isiyozidi kiwango atakachotangaza Waziri, itachukuliwa kuwa ni marejesho ya gharama bila kudai risiti. Mimi ningeanza na shilingi 50,000, ambayo ni nusu ya kiwango cha chini cha mtumishi wa umma. Kwa safari ya usiku 14 ni 700,000, na Kasumbalesa ikifunga ikawa usiku 21, ni 1,050,000, zote zikiwa za chakula, maji na kitanda, na mshahara ukiwa mahali pake kwenye hati ya malipo.